SOMO LA AFYA: MGONJWA ALIYEZIBWA MSHIPA WA UVIMBE WA FIGO AKIRUDI NYUMBANI, TUANGALIE NINI?

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kusoma habari za malaria, kuhara, chanjo na lishe ya watoto. Leo tunajifunza jambo ambalo halitokei kila siku katika kambi yetu, lakini likimpata mtu, nyumba nzima na majirani huhusika. Ni matibabu ya uvimbe wa figo usio saratani kwa njia ya kuziba mshipa wa damu, na matatizo yanayoweza kufuata mgonjwa akisharudi kwetu.

Mimi si daktari. Ni mhamasishaji wa afya ya jamii, na elimu yangu ni ya sekondari. Nimeandika somo hili kwa sababu mwaka 2023 nilimwambia mama mmoja wa kijiji chetu nusu ya jambo la kweli, na ile nusu niliyoiacha nusura imwondolee uhai. Habari yake nitaieleza mbele.

LENGO LA SOMO

Ukimaliza kusoma, uweze:
(a) kueleza kwa maneno yako uvimbe huu ni nini na mshipa huzibwaje;
(b) kutofautisha homa ya kawaida baada ya matibabu hayo na homa ya hatari;
(c) kujua dalili ambazo hazisubiri kesho;
(d) kujua kazi ya familia, jirani na mhamasishaji.

1. UVIMBE HUU NI NINI?

Kila mtu ana figo mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo, chini ya mbavu. Kazi yake ni kuchuja damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo. Karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo hupita kwenye figo. Ndiyo maana mshipa wa figo ukipasuka, mtu hupoteza damu nyingi kwa muda mfupi.

Uvimbe si lazima uwe saratani. Upo uvimbe wa figo unaoitwa anjiomayolipoma. Umejengwa kwa vitu vitatu: mishipa ya damu, misuli laini na mafuta. Kwa kawaida hausambai kwenda sehemu nyingine za mwili kama saratani inavyofanya. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na wengi hawajui kama wanao mpaka wapigwe picha ya ultrasaundi kwa sababu nyingine.

Hatari yake ni damu. Mishipa iliyo ndani ya uvimbe huu ni dhaifu, na uvimbe ukikua, mishipa nayo hutanuka. Kwa miaka mingi madaktari wametumia kipimo cha sentimita 4: uvimbe uliozidi hapo huangaliwa kwa makini zaidi, hasa kama ndani yake kuna mshipa uliovimba kama puto. Mimba nayo huongeza hatari ya kutoka damu. Kwa hiyo mama mwenye uvimbe huu akipata mimba amwambie mkunga tangu hudhurio la kwanza.

Wako wanaopata uvimbe huu kwa sababu ya ugonjwa wa kuzaliwa nao unaoitwa tuberasi sklerosisi. Hao mara nyingi wana uvimbe mwingi katika figo zote mbili. Huweza pia kuwa na degedege au kifafa tangu utotoni, mabaka meupe ya ngozi, na vipele vidogo puani na mashavuni. Ndugu zangu, huo si uchawi wala si laana ya ukoo. Ni ugonjwa unaotokana na kasoro katika chembe za urithi, na hauambukizi kwa kula pamoja wala kulala nyumba moja.

2. MSHIPA HUZIBWAJE?

Zamani uvimbe ukitoa damu, mara nyingi figo yote iliondolewa kwa upasuaji. Tangu miaka ya 1970 madaktari walianza kutumia njia ya kuziba mshipa unaolisha uvimbe, na figo ikabaki. Kwa lugha ya hospitali njia hii huitwa embolizesheni.

Hufanyika hivi. Daktari huchoma tundu dogo kwenye mshipa mkubwa wa kinena, au wakati mwingine wa mkono. Hupitisha mrija mwembamba uitwao katheta, akiufuata kwa picha ya eksirei mpaka kwenye figo. Hupiga dawa ya rangi ili mishipa ionekane. Akishaupata mshipa unaolisha uvimbe, huuziba kwa chembechembe ndogo, kwa alkoholi maalum ya hospitali, au kwa vizibo vya waya mwembamba. Uvimbe hukosa damu, hufa sehemu yake, na kwa miezi inayofuata hunywea. Sehemu ya mafuta hunywea kidogo tu, kwa hiyo mgonjwa asishangae akiambiwa kwamba uvimbe bado unaonekana kwenye picha.

Matibabu haya hayapatikani kila mahali. Hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza mwaka 2018 kujenga huduma na mafunzo ya matibabu yanayoongozwa kwa picha namna hii. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Maana yake, mgonjwa wetu akisharudi, daktari aliyemtibu yuko mbali sana. Macho yaliyo karibu naye ni ya kwetu sisi.

3. HOMA YA KAWAIDA BAADA YA KUZIBWA

Sehemu ya uvimbe inapokufa, mwili huanza kuisafisha. Kazi hiyo huleta dalili ambazo huwapata wagonjwa wengi:
– maumivu ya ubavu upande uliotibiwa;
– homa;
– kichefuchefu na pengine kutapika;
– uchovu na kukosa hamu ya kula.

Dalili hizi huanza mapema, kwa kawaida ndani ya siku tatu za kwanza, na hupungua siku hadi siku. Wengi huwa wamepata nafuu ndani ya wiki moja hivi. Hazina maana kwamba matibabu yameharibika. Tiba yake ni kupumzika, maji, dawa ya kuzuia kutapika, na dawa ya maumivu aliyoandikiwa mgonjwa, ambayo mara nyingi ni parasetamo. Mtu mzima kwa kawaida hazidishi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Mwenye mwili mdogo au ugonjwa wa ini hupewa pungufu ya hapo.

Asinunue sokoni ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini kwa kuwa ameambiwa na jirani kwamba “zina nguvu”. Dawa hizo huweza kuumiza figo au kuongeza kutoka damu. Lakini kama alikuwa anatumia aspirini kila siku kwa ajili ya moyo, asiiache mwenyewe, amwulize daktari. Mitishamba ya kusafisha figo nayo tuiache, kwa sababu baadhi yake huumiza figo hizo hizo tunazotaka kuzilinda.

4. HABARI YA MAMA WA KIJIJI CHETU

Mama huyo alikuwa na zaidi ya miaka 40. Aliumwa ubavu wa kushoto kwa miezi, akakojoa damu, akapelekwa rufaa, na uvimbe ukaonekana. Alizibwa mshipa katika hospitali ya mjini. Siku ile ile jioni alipata homa. Alilazwa siku nne, kisha akasafiri siku mbili kwa basi akiwa na barua ya hospitali iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Alipofika, wenzake walikuwa na wasiwasi kwa kuwa bado alikuwa na joto. Niliisoma barua, nikaona imeandikwa kwamba homa baada ya matibabu ni kitu cha kawaida. Nikawaambia kwa sauti ya mtu anayejua: “Mama, usiogope. Homa hii ni ya matibabu.” Siku ya nane homa ikaisha. Watu wakanisifu.

Siku ya 17 homa ikarudi, safari hii na kutetemeka. Binti yake alitaka kunifuata. Mama akamkataza: “Mwache kijana wa watu, ameshatueleza.” Wakakaa siku tatu. Siku ya 20 nilipita kijijini kwa ajili ya mgao wa sabuni, nikamkuta amelala nje juu ya mkeka, shuka limelowa jasho, hawezi kujigeuza upande wa kushoto. Akaniuliza taratibu, bila hasira: “Mwanangu, si ulisema homa hii ni ya matibabu?”

Sikuwa na jibu. Tulimbeba mpaka zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha malaria. Mganga alipoiona barua aliita gari. Hospitalini picha ilionyesha usaha mahali palipokuwa na uvimbe uliokufa. Waliingiza mrija wakautoa, wakampa dawa za kuua vijidudu kwa sindano, na baada ya wiki kadhaa alirudi kwa watoto wake.

Niliyosema yalikuwa yameandikwa kwenye barua. Kosa langu ni kwamba sikusema homa hiyo inaisha lini, wala sikusema ikirudi wafanye nini. Neno “kawaida” bila siku ya mwisho liliwafunga miguu wakabaki nyumbani.

5. HOMA YA HATARI

Siku ya matibabu tuiite siku ya kwanza. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, pamoja na barua yake, kama:
– homa imepita siku saba na bado ipo;
– homa ilikwisha, kisha imerudi, hata kama wiki nyingi zimepita;
– homa ina kutetemeka, jasho jingi au kuchanganyikiwa, siku yoyote ile;
– maumivu yanazidi badala ya kupungua;
– anatapika kila anachokunywa.

Na malaria je? Mkoa wetu una malaria nyingi. Kwa hiyo hata homa ya siku za mwanzo ipimwe mara mgonjwa anapofika kambini. Asimeze dawa mseto kwa kukisia. Kipimo kikionyesha malaria, atibiwe, lakini barua ya hospitali ionyeshwe vile vile. Mtu mmoja aweza kuwa na malaria na usaha kwa wakati mmoja. Homa isiposhuka baada ya dawa, arudi.

6. MATATIZO MENGINE

Tundu la kinena. Baada ya matibabu mgonjwa hulazwa chali kwa saa kadhaa ili tundu lifunge. Akirudi nyumbani, alama ndogo ya bluu si ajabu. Lakini uvimbe unaokua au unaodunda kama moyo ni hatari. Damu ikitoka, mlaze chali, bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa safi juu ya tundu, usiachie kuchungulia kila mara, na mwenzako akimbie kuita msaada. Kwa wiki ya kwanza, au kwa muda alioandikiwa, asibebe dumu la lita 20, asikate wala kubeba kuni, asipande baiskeli.

Mguu au mkono. Mguu wa upande uliochomwa, au mkono kama ndio uliochomwa, ukiwa baridi, mweupe, wenye ganzi au maumivu makali, huenda damu haipiti. Aende mara moja.

Damu ndani. Maumivu makali ya ghafla ubavuni, kizunguzungu, kuzirai, moyo kwenda mbio, viganja kupauka au mkojo mwekundu ni dalili kwamba huenda uvimbe unatoa damu. Usimpe kwanza chai wala kumsubiri mume arudi kutoka shambani. Ita gari.

Mkojo kupungua. Dawa ya rangi huweza kuilemea figo. Pia sehemu ndogo ya figo nzima huweza kukosa damu pamoja na uvimbe. Kama mkojo ni kidogo sana au haupo, au uso na miguu vinavimba, figo zipimwe damu. Mgonjwa anywe maji safi ya kutosha, isipokuwa kama daktari amemwekea mpaka.

Mzio. Dawa ya rangi huwaletea wachache vipele, kuwashwa au kubanwa pumzi. Mara nyingi hutokea hospitalini, lakini mgonjwa alikumbuke jambo hilo na kulisema kabla ya kupigwa dawa ya rangi tena.

Kifua. Mara chache maji hujikusanya kuzunguka pafu la upande uliotibiwa. Akihema kwa shida au kifua kikimchoma anapovuta pumzi, aende kituoni siku hiyo hiyo.

Shinikizo la damu. Huweza kupanda baada ya figo kuguswa. Lipimwe kila anapohudhuria.

Kukua tena. Mishipa mipya huweza kuulisha uvimbe baada ya miezi au miaka, hasa kwa wenye tuberasi sklerosisi. Baadhi ya wagonjwa huzibwa mara ya pili. Ndiyo sababu ya kurudi kupigwa picha, mara nyingi baada ya miezi 3 hadi 6 na baadaye kila mwaka, kama daktari atakavyopanga. Kujisikia mzima si sababu ya kuiacha tarehe hiyo ipite.

7. NANI AFANYE NINI?

Mgonjwa. Kabla ya kutoka hospitalini aulize maswali matano, na aombe ajibiwe kwa Kiswahili:
1. Ni figo ipi iliyotibiwa, na figo nyingine ikoje?
2. Homa na maumivu vitaisha lini?
3. Nitumie dawa gani, na nisitumie zipi?
4. Nisibebe mzigo kwa siku ngapi?
5. Picha nyingine ni tarehe gani?

Haya si maswali ya utovu wa adabu. Mkimbizi naye ni mgonjwa kama wengine, ana haki ya kuelezwa mwili wake umefanywa nini.

Familia. Barua iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, mahali pamoja na kadi ya mgao, na kila mkubwa nyumbani ajue ilipo. Chora mistari ukutani kwa mkaa, mstari mmoja kila siku tangu siku ya matibabu, na siku yenye homa iwekewe alama. Mganga akiuliza “Homa ilianza lini?”, jibu lipo ukutani.

Jirani. Mchotee maji. Mama akiona ndoo tupu na watoto wana kiu, atanyanyuka tu, hata kama amekatazwa. Kumsaidia ndoo mbili kwa siku kwa wiki moja ni sehemu ya matibabu yake.

Mhamasishaji mwenzangu. Mtembelee siku anayofika, kisha mara kwa mara wiki ya kwanza, na uendelee kumpitia angalau mara moja kwa wiki mpaka mwezi uishe, maana usaha huja kwa kuchelewa. Kama barua ni ya Kiingereza na huielewi, usikisie mbele ya watu. Ipeleke kwa mganga ikasomwe. Kibali cha kutoka kambini kwa ajili ya picha ya marudio kiombwe mapema, si siku ya safari.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

Swali: Mtu alizibwa mshipa juzi, ana homa na ubavu unauma kidogo, anakunywa na kukojoa vizuri, hatetemeki. Je, matibabu yameharibika?
Jibu: La. Huenda ni dalili za kawaida. Apumzike, atumie dawa alizoandikiwa, apimwe malaria akiwa kambini, na siku zihesabiwe.

Swali: Homa iliisha siku ya sita. Siku ya 15 imerudi na kutetemeka. Tusubiri?
Jibu: Hapana. Aende leo, na barua yake.

Swali: Jirani anampa diklofenaki kwa kuwa ubavu unauma. Utasemaje?
Jibu: Mshukuru kwa huruma yake, lakini mgonjwa asiitumie bila mganga kukubali.

Swali: Mwaka mmoja umepita, haumwi kitu. Picha ya nini?
Jibu: Uvimbe huweza kukua tena bila maumivu. Picha huuona kabla haujatoa damu.

KUMBUKA

Mama yule yu mzima. Nikipita kwake hunipa kiti kwanza, kisha hunitania: “Karibu, daktari wa kawaida.” Nacheka naye, lakini nimejifunza. Tangu siku ile, nikimwambia mtu kwamba jambo fulani ni la kawaida, humwambia pia ni mpaka siku gani, na likizidi hapo aende wapi. Nanyi mkimwelezea mwenzenu somo hili, msimwachie nusu.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe jirani. Asiyejua kusoma, msomee.